Mama Kwenye Filamu ya Wajerumani

Mama yangu alisomea uuguzi Ujerumani Mashariki, enzi nchi hiyo ingalipo, na tangu tukiwa wadogo alikuwa akituambia kwamba amewahi kuigiza kwenye filamu. Ilikuwa filamu ya televisheni iliyogharamiwa na serikali yao, juu ya maisha ya kiongozi wa Wakomunisti wa Kijerumani aliyefungwa na Manazi, kisha wakamuua. Walihitaji watu weusi wakae kama wajumbe kwenye mkutano wa wafanyakazi wa nchi mbalimbali, basi wakaja kuwachukua wanafunzi kwenye bweni la manesi. Sisi wanawe tulimsikiliza kama tulivyosikiliza hadithi za sungura. Hakuwa na hata picha moja ya kutuonyesha.

Mwaka juzi, nikiwa kazini Raskazone, nikaikuta filamu yenyewe mtandaoni, nzima. Sikungoja saa za kutoka. Nilipanda bodaboda hadi nyumbani Ngamiani, nikamkuta Mama anachagua mchele. Nilipomwonyesha picha ya mwanzo aliliweka sinia chini polepole.

"Usiicheze," akasema. "Sitaki kujitazama kwenye kioo cha simu."

Jirani yetu ana kibanda cha video. Watu hutazama mpira pale, na filamu za nje ambazo yeye mwenyewe huzitafsiri kwa kipaza sauti huku zikienda. Alikubali palepale, ila akasema Kijerumani hakijui. Mama akamjibu kwamba kipaza sauti atashika yeye.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri kibanda kilifurika. Wengi wao Mama aliwahi kuwachoma sindano, na waliokosa viti walisimama mlangoni. Mama alikaa mbele, amevaa baibui jipya, akaanza kutafsiri kwa sauti ya wodini. Kiongozi alihutubia bandarini, Mama akahutubia naye. Polisi waliwapiga wagomaji, Mama akafoka. Sikujua kama Kijerumani chake kingali hai kiasi kile.

Baada ya muda, mzee mmoja muuza samaki akauliza kwa nini bwana huyu hakosei hata mara moja, wala hagombani na mkewe. Mama alisimamisha filamu ili amjibu. Alisema serikali ndiyo iliyotoa fedha, na serikali ilitaka mtu asiye na doa. Hata wao wanafunzi waliambiwa wapige makofi kwa furaha kabla hawajaelezwa wanashangilia nini. "Lakini gereza lilikuwa la kweli," akaongeza, "na kuuawa aliuawa kweli." Kisha akaiendeleza filamu.

Mkutano ulipofika, sote tulisogea mbele. Ukumbi ulionekana, bendera, wanaume wenye kofia, safu baada ya safu, na Mama hakuwemo. Kiongozi akamaliza kuhutubia, watu wakaanza kuimba. Nilimtazama Mama kwa pembeni. Kipaza sauti kilikuwa kimeshuka mapajani. Nilianza kujuta kuwaita watu wote wale.

Ndipo kamera ikageuka upande wa pili wa ukumbi. Wasichana wawili weusi walikuwa wamesimama wakipiga makofi, na yule mrefu, aliyevaa koti lililompwaya mabegani, alikuwa Mama. Alikuwa anacheka. Kibanda kililipuka kama timu yetu imefunga bao. Jirani aliirudisha picha bila kuombwa, akairudisha tena, watu wakimpongeza Mama kwa kumshika mkono mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nalia wala sikujificha.

Mama alikuwa akimtazama yule msichana wa pili.

"Huyo ni shoga yangu," akasema, si kwa kipaza sauti. "Yuko Amani, kule milimani. Mungu akipenda, bado yuko."

Walikuwa wamepoteana tangu huyo shoga alipostaafu zahanati ya huko. Mama alitaka twende asubuhi yake, na asubuhi yake tukaenda. Tuliuliza njiani, tukaelekezwa nyumba yenye iliki uani, na mlangoni akatoka bibi mmoja mnene anayetembelea mkongojo. Walitazamana kidogo tu. Kisha Mama akamsalimia kwa Kijerumani, na yule bibi akauachia mkongojo uanguke ili amkumbatie kwa mikono miwili.

Safari hii kioo cha simu hakikumkera. Walikaa ukumbini, vichwa vimegusana, mimi nimeshika simu katikati yao. Yule bibi alijitazama akacheka mpaka akakohoa, akasema hakumbuki kama aliwahi kuwa na shingo. Halafu wakaanza kubishana ni nani kati yao aliyeanza kucheka siku ile mbele ya kamera, na kila mmoja akaniamuru niirudishe nyuma ili nishuhudie.