Nilivyopelekwa kujifungua kwa gari la wakubwa, paa limekunjwa

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni bibi wa hapa Shangani, Mtwara, na haya yalinipata mwenyewe. Atakayesema ni chai, aje nimwoneshe mshono.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, naishi Kitaya, mimba ya kwanza. Uchungu ulinishika usiku, hadi asubuhi hola. Mkunga akasema mtoto kakaa vibaya, nipelekwe Mtwara nikapasuliwe, na nisikalishwe kabisa.

Usafiri sasa!

Gari lilikuwepo moja tu, tena la mgeni. Jeusi, refu, la enzi za mkoloni. Dereva yuko mbele chini ya bati, nyuma paa ni turubai, linakunjwa ili mkubwa aonekane akipungia wananchi. Mkubwa mwenyewe alishashuka, kaenda kwa miguu kukagua mashamba ya mtoni.

Mama mkwe akamfuata dereva, jina lake Bakari.

"Ndugu, mkamwana wangu anakufa. Kunja paa, kitanda chake kiingie."

"Mama, paa hili halikunjwi bila mkubwa. Nitafukuzwa kazi."

"Basi baki na kazi yako. Nitalikunja mwenyewe."

Akaanza kulivuta kweli! Bakari kuona litachanika, akalikunja yeye. Nikapandishwa na kitanda changu cha kamba, nusu yake inaning'inia nje.

Enzi zile watu wakiona paa limekunjwa, wanajua mkubwa anapita. Kila kijiji wakatoka: makofi, vigelegele, watoto wa shule wanaimba. Mimi nang'ata kanga. Na mama mkwe, wakuu, anawapungia mkono!

Nilimchukia siku ile, nisiwafiche.

Mbele kidogo gari likazama kwenye tope. Wapiga makofi wakaja mbio, wakachungulia, wakaniona. Mama mmoja akafoka, "Mnatazama nini? Sukumeni!"

Wakalitoa. Tukazama tena mara kadhaa, na kila mara watu walishajaa barabarani. Ndipo nikaelewa kwa nini mama mkwe hakuushusha mkono.

Nilipasuliwa, mtoto wa kiume akatoka mzima.

Bakari aliulizwa alimkunjia nani paa. Akajibu, "Mgeni alikuwemo, ila hajazaliwa." Wakamhamishia kwenye lori la korosho. Hakujuta.

Ukiwa na mgonjwa, aibu weka pembeni, watoe watu nje wakusaidie.

Mama mkwe alipofariki tulimrudisha Kitaya kwa pikapu. Nilikaa nyuma naye, na njia nzima nilipunga mkono.

Haya, semeni na nyie ya mama wakwe zenu. Wanaowasema vibaya pia waje, nipo macho.