Feni ya Jeep Yetu

Mume wangu alikuwa fundi wa umeme wa magari, na jeep yake aliipenda kuliko alivyonipenda mimi. Sisemi kwa mzaha. Ilikuwa jeep kuukuu ya wakati wa Wabelgiji, aliirithi kwa baba yake, na majirani wote wa mtaa wetu wa Bigo waliijua kwa mlio kabla hawajaiona. Feni yake ya asili, ile ya kupoza injini, ilipovunjika tulidhani jeep imekufa. Yeye akaenda kung'oa feni ya umeme kwenye gari dogo lililochomwa moto karibu na soko, akaileta nyumbani imefungwa ndani ya shuka langu.

Aliihangaikia pale uani. Waya wa kwanza ulikuwa mwembamba, ukayeyuka na kunuka mpaka kwa jirani. Akatafuta mnene. Kisha feni ikazunguka kinyume, ikapuliza hewa badala ya kuivuta. Akageuza nyaya, akaweka karatasi mbele ya radiateri, lile tangi la maji ya injini, ikanata. Akacheka peke yake, mikono imejaa mafuta.

Miaka ile ya vita kila mwenye gari Bunia alikuwa na namna yake ya kuliua. Huyu alifukia betri shambani kwenye mihogo, yule alificha gurudumu kwa ndugu, ili wanamgambo wakija aseme, "Gari ilikufa, chef." Mume wangu alijiona mwerevu kuliko wote. Feni yake haikuwaka yenyewe. Aliiwekea swichi, na swichi akaificha. Mwizi angeendesha vizuri tu mpaka mlima wa kwanza, kisha injini ingechemka na kumfia mikononi.

"Uliiweka wapi?" nilimuuliza.

"Usipojua, ni muzuri. Hata wakikupiga, hautasema."

"Na siye tukikimbia?"

"Siku ile nitakuwa pale."

Siku ile hakuwapo. Mapigano yalianza asubuhi, yeye yuko upande wa uwanja wa ndege akitengeneza jenereta, na mji ukakatika katikati. Watu walikuwa wanashika njia ya Beni kwa miguu, lakini mama yake, mama mkwe wangu, alikuwa amevunjika nyonga. Hata chooni hakwenda bila mkono wa mtu. Bila jeep, mama alikuwa wa kuachwa. Mume wa wifi yangu, muuza samaki, ndiye aliyekuja kutuokoa. Tulimketisha mama mbele, kwenye kiti chake cha siku zote, shemeji akashika usukani, nami nikakaa nyuma na mtoto wangu na bidoni la maji ya kunywa.

Hatujafika Irumu, mvuke ukatoka. Shemeji akafungua boneti: feni imetulia kimya. Nikamwambia kuna swichi, ila sijui iko wapi. Akapapasa chini ya usukani, nyuma ya viti, kwenye milango. Mimi nilikuwa namimina maji yetu ndani ya radiateri, na radiateri ilikuwa inayatema. Ilibaki sehemu moja tu, chini ya kiti cha mama. Mkono wa shemeji ulifika hapo ukarudi. Kwetu mwanamume hamgusi mama wa mke wake, hata macho huyashusha mbele yake, na pale miguu ya mama ilikuwa imejaza nafasi yote.

"Pale siwezi," aliniambia kwa sauti ndogo.

Kabla sijatua bidoni nikapapase mwenyewe, risasi zililia nyuma yetu. Shemeji akaruka kwenye usukani, tukapanda mlima na injini inayochemka, na huko juu ikagonga, ikanyamaza. Bidoni lilikuwa tupu.

Basi yule mkwe aliyeogopa kuingiza mkono chini ya kiti akambeba mama mgongoni, mbele ya watu wote. Mama alifumba macho kwa aibu. Jua lilikuwa kali. "Munipe mayi," alisema. Tuliwaomba wapita njia, kila mmoja akakumbatia kibuyu chake, na siwalaumu. Baadaye akawa anasema na mimi taratibu, shavu lake kwenye bega la shemeji. "Bwana yako iko fundi, mama. Gari ya baba yake, aliifufua. Umwambie nilifurahi sana." Hakusema tena. Tulimzika kando ya barabara kwa jembe la kuazima.

Mume wangu alitukuta Beni. Alikuwa ameshaiona jeep njiani. Nilipomweleza, akakaa chini kwenye vumbi.

"Swichi ilikuwa chini ya kiti ya mama," alisema. "Nilijua hakuna mutu ataingiza mukono pale."

Watu husema mchimba shimo huingia mwenyewe. Uongo. Huyu alichimba, akaingia mama yake. Nilimchukia pale pale, nikamchukia alipolia, nikamchukia zaidi wenzake walipompa pole na kusifu akili yake, kwamba angalau wale wahuni hawakuipata jeep.

Wageni walipoondoka alisogea karibu yangu.

"Mama alisema nini?"

"Aliomba mayi."

Mtoto alikuwa analia, nikamnyonyesha.

"Ile tu?"

"Ile tu," nilimjibu, na mpaka leo akiuliza, jibu langu ni hilo.