Saa Tisa ya Ng'ambo

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nilipomkosesha mama wa watu neno alilosafiri usiku kucha ziwani kuja kulisema.

Jana uliniuliza nchi yetu inaunganishwaje na dunia, huku umeinua simu yako juu kutafuta mtandao. Swali hilo lilinisumbua na mimi nilipokuwa msichana, kabla simu hizi hazijafika hapa Kalemie. Enzi hizo tulikuwa na foni, redio ya kuongea na watu wa mbali. Mmoja anabonyeza kitufe na kusema, mwenzake anangoja zamu yake, na wote waliojaa barazani wanasikia siri zenu.

Nilikuwa nimetoka Kongolo, mji ulio mbali na ziwa, nimesoma kwa masista, Kifaransa changu safi, kichwa kimevimba. Nikapata kazi kwenye nyumba ya foni karibu na bandari, chini ya Papa Ilunga. Niliipenda mno mashine ile. Papa akitoka kidogo, niliinama nyuma yake kuchungulia waya, nikitaka kujua sauti inavukaje ziwa bila kulowa. Usicheke, nilikuwa nawaza hivyo kweli.

Basi, siku ya Jumanne, fundi wa foni wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, akaniita. Kwao alikuwako kijana wa upande wetu, Kisimba, aliyepata nafasi ya kwenda kusoma nchi za mbali. Alitaka kauli ya mama yake kabla ya kuondoka. Mama akikubali, atapanda treni ya Alhamisi. Mama akikataa, atarudi nyumbani. Miadi ilikuwa Alhamisi, saa tisa ya mchana. Nikaandika, nikawapa watu wa mtumbwi habari waifikishe Zongwe, kijijini kwa mama yake.

Alhamisi Mama Feza, mama yake Kisimba, akaja, kitenge chake kimelowa maji ya ziwa, akaketi tangu asubuhi. Saa tisa kamili nikaita Kigoma. Fundi akajibu kwamba kijana alingoja hadi akachoka. Kijana alisema mama yake amekasirika ndiyo maana hakuja, akaenda zake stesheni kupanda treni hivyo hivyo. Treni ilikuwa inaondoka.

Papa Ilunga akanitazama. "Weye, uliuliza saa ya wapi?"

"Papa, saa njo saa," nikamjibu, nikidhani saa ni ileile popote.

"Huku kwetu njo saa tisa. Kule kwao njo saa kumi. Kila mutu wa ziwa anajua. Weye ulishindwa kuuliza?"

Kongolo hatukuwa na haja ya kujua saa ya mtu mwingine, mwanangu. Na kuuliza niliona aibu, mimi msomi. Mama Feza hakunitukana, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu, "Mutoto wangu atasema mama alikatala. Nami nilikuja kumubariki." Nikalia mbele ya watu wote.

"Machozi hayavuki ziwa," Papa akasema. "Uliza njia."

Nikabonyeza kitufe. Nikamuuliza fundi wa Kigoma, treni inapita wapi? Tabora, asubuhi. Nani yuko Tabora? Yeye hamjui mtu, lakini shemeji yake anafanya kazi stesheni ya Kigoma, na stesheni ina simu ya reli. Je, shemeji anaweza kupiga? Akamtuma mtu akamuulize. Tukangoja hadi shemeji akakubali. Mama Feza akaniambia maneno, nikayasema polepole ili yasipotee: "Mama alikuja. Hakukatala. Mwambieni aende, na Mungu amutangulie."

Kesho yake jibu likarudi kwa njia ileile. Mfanyakazi wa Tabora alikuwa ametembea behewa hadi behewa akiita jina la Kisimba, hakuitikiwa. Akamkuta kwenye benchi, ameshateremsha sanduku, anangoja treni ya kurudi, maana moyo ulimkatalia kwenda bila kauli ya mama. Aliposikia maneno ya mama yake, alipanda tena treni ikiwa inaanza kutembea.

Mama Feza, aliyelala palepale barazani kungoja, akacheka, kisha akanishika mkono kwa nguvu, akalia. Alikuwa amempata mwanawe na kumwachia aende, yote kwa siku moja. Sijui hata leo kama nilimsaidia au nilimwongezea uchungu.

Basi, mwanangu, mitambo ije, minara isimame, mimi nafurahi, na bado natamani kuchungulia ndani yake. Lakini siku ile watu wanne, wengine hawajawahi kuonana, walimfikia kijana kwa sababu kila mmoja alikubali kuulizwa. Ukiongea na mtu wa mbali, usidhani jua lake liko pale lilipo lako. Muulize kwake ni saa ngapi, nani yuko karibu naye, anangoja nini. Usione aibu ya kutojua, maana aibu yangu ilikaribia kumrudisha mtoto wa watu.

Mungu akupe masikio marefu na ulimi wa kuuliza. Popote utakapofika, sauti ya mama yako ikukute kabla hujateremsha sanduku.