Goti la Bibi

Harufu ya samli ikipata moto, hata leo hapa Igoma, huniletea goti la bibi.

Siku tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya ziwa, bibi aliruka kutoka kwenye lori ili arudi kuyaaga makaburi ya wazee wake. Kifupa cha mbele ya goti kikahamia upande wa nje. Fundi wa mifupa alilipaka goti samli ya moto, akaunyoosha mguu taratibu, akakisukuma. Kikarudi kwa mlio wa kuni kavu.

"Kano zimelegea, mama. Usilikunje."

Lakini kila asubuhi tulikikuta kimetoka tena, kimeelekea tulikohama. Fundi akacheka.

"Ni ulalaji tu. Geuzeni kitanda."

Tukakigeuza, kichwa kikawa ilipokuwa miguu. Asubuhi kifupa kilikuwa kimetoka upande wa ndani. Kimeelekea kulekule. Fundi alifunga kibuyu chake cha samli, safari hii bila kucheka.

"Niliwaambia wazee wangu nitarudi," bibi alisema.

Jana nami nililipaka samli goti langu, limeanza kuuma. Kumekucha, na shuka sijalifunua.