Mtego Usiotiwa Chambo

Mama mdogo, aliyenilea, alikuwa mtunza mitego katika kituo cha misitu. Walimwita Bi Kibano, kwa sababu ya kibano cha kuokotea wadudu kisichomtoka mfukoni, na kwa sababu ya ulimi wake. Alinuka utomvu wa msonobari saa zote, hata akitoka kuoga, nasi tulimtania tukazoea.

Misimu mitatu alilinganisha aina mbili za mitego ya kunasa mbawakawa wanaoua miti kwa kula chini ya gome. Moja ni ya faneli nyeusi, kama za kumiminia mafuta, zilizopangwa moja juu ya nyingine; ya pili ni ya vibao viwili vilivyopishana. Kila aina ilikuwa na wenye chambo, kifuko chenye harufu ya mti unaokufa, na mtupu wa kulinganishia. Mitupu haikupaswa kunasa kitu. Ilijaa kila wiki.

Mkuu wa kituo alisema, kwa ule upole wake unaoudhi, kwamba labda anachanganya lebo, umri nao umekwenda. Mama mdogo alimjia juu. Kisha akaugua wiki mbili, na dereva wa kituo akaitundika mitego mitupu badala yake. Haikunasa hata mdudu mmoja.

Niliposikia hayo nilielewa. Mimi nilikuwa nimewaona mbawakawa hao nyumbani, weusi, wadogo kama punje za uwele, kwenye pazia lake na kwenye shuka upande anaolala. Niliwafagia nikanyamaza, kwa woga tu.

Nilipomwambia, alinusa viganja vyake akasema hasikii kitu. Miaka kumi na tisa alishika vile vifuko bila glavu. Sasa kazi yote ya misimu mitatu ingetupwa, isipojulikana yeye mwenyewe huvuta wangapi.

Alasiri iliyofuata alikaa kwenye stuli msituni, katikati ya mitego mitupu aliyoitundika dereva, mikono wazi. Mkuu alisimama kando na daftari. Mbawakawa wakaja bila haraka. Waliipita mitego, wakatua mikononi na shingoni mwake, wakitambaa kama wanaotafuta ufa wa gome. Nilitaka kumpangusa, akanikataza.

"Andika," alimwambia mkuu. "Mtego wa tatu."

Mkuu alihesabu. Alipopita arobaini, niliona mmoja karibu na kiwiko ameinamisha kichwa, anatoboa. Damu ikatoka kidogo. Mama mdogo hakuusogeza mkono. Alikuwa akisubiri huyo naye ahesabiwe.