Gogo la Nyuma Kushoto

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na nikiwa darasani sauti yangu inasikika hadi kwa wauza nyanya ng'ambo ya barabara. Lakini kwa miaka sita, ndani ya nyumba ya baba mkwe wangu pale Igoma, Mwanza, niliongea kama mtu aliye msibani. Nataka kueleza jinsi adabu hiyo ilivyokaribia kumuua mzee wa watu, maana ndugu wengine wote wanachojua ni kwamba mwaka ule gari lililala salama.

Kulala ni neno la mzee mwenyewe. Kila mwaka mvua za vuli zikinukia, yeye huvuka ziwa kwenda kwao kisiwani Ukerewe kulima mihogo na mpunga, na hukaa huko hadi Pasaka ikaribie. Pikapu yake ya bluu, anayobebea dagaa za biashara, haivuki. Inabaki kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, na gari haliachwi hivi hivi miezi yote hiyo. Linaoshwa mpaka harufu ya dagaa iishe, la sivyo panya watakuja kwa ajili ya dagaa na kubaki kwa ajili ya nyaya. Tangi linajazwa mafuta lisishike kutu kwa ndani. Betri inang'olewa na kuwekwa sebuleni juu ya ubao, chini ya picha ya marehemu mama mkwe. Bomba la moshi linazibwa kwa tambara. Kisha gari linanyanyuliwa kwa jeki, kona moja baada ya nyingine, linavuliwa magurudumu na kukalishwa juu ya magogo manne. Mwisho mzee anaingia chini na brashi, anapaka oili chafu kila chuma anachokifikia. Akitoka hapo ndipo anasema gari limelala.

Kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili, yeye na mume wangu. Mwaka ule mume wangu alinyimwa ruhusa kazini, mgodini huko Geita, na mzee alishapanga kupanda kivuko cha Nansio siku ya Jumapili. Habari za kuita fundi hakutaka kuzisikia. Alisema fundi anafungua nati tano anarudisha nne. Ijumaa mume wangu akanipigia simu.

"Msaidie mzee kesho," akasema. "Ila nakuomba, usimbishie."

Angekuwa karibu ningemchapa mwiko. Nimbishie nani, mimi?

Kwa kina mume wangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawagusani. Hatupeani mkono, hatupokezani kitu, na sauti yangu haipandi juu ya yake. Shangazi wa mume wangu alinifundisha hayo wiki ya harusi, huku akinitazama kwa mashaka, kwa sababu mimi natoka Musoma na watu husema sisi wa Mara tunazaliwa tumekunja ngumi. Ukivunja mwiko huo kikao kinaitwa, mbuzi anachinjwa, na mawifi wanapata hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Nilijitahidi sana. Niliteleza mara moja tu, kwenye ubatizo wa binti yetu. Mzee alikuwa anawaambia wageni kwamba ameendesha magari miaka arobaini na miwili, nami bila kufikiri nikasema, "Thelathini na tisa, baba, ukitoa ile mitatu uliyokaa kijijini." Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake mume wangu akaniletea ujumbe kwamba ndani ya nyumba ile mwalimu ni mmoja, na shikamoo zangu zikakaa wiki tatu bila kuitikiwa. Tangu hapo niliumeza ulimi.

Basi Jumamosi asubuhi nikawapeleka watoto kwenye mazoezi ya kwaya, nikarudi, nikavaa suruali ya mume wangu na kufunga kanga juu yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Tuwahi. Ile mvua iko ziwani tayari."

Kweli, upande wa ziwa wingu lilikuwa limeshuka hadi juu ya vilima. Tukaanza. Kati yetu palikuwa na ndoo iliyofunikwa kifudifudi. Mzee akitaka kunipa spana anaiweka juu ya ndoo, anarudi nyuma hatua mbili, mimi nasogea naichukua. Nikimaliza nairudisha kwenye ndoo, narudi nyuma hatua mbili, naye anasogea. Hesabu nati za magurudumu manne, halafu uniambie spana ile ilitembea mara ngapi. Nilikuwa nakereka, lakini usoni nilikuwa nimetulia kama mtu aliye kanisani.

"Niletee magogo," akasema.

Yalikuwa nyuma ya banda, yameegemezwa kwenye jabali. Magogo ya mkaratusi, urefu wa kufika gotini, meusi kwa oili chafu ya miaka mingi. La kwanza lilinivunja mgongo. La pili na la tatu niliyabingirisha. La nne nikalinyanyua kwa mkono mmoja.

Nikasimama nalo pale pale. Gogo la mkaratusi haliwi jepesi hivyo. Nikaligonga kwa ngumi, likaitika kama mtungi mtupu. Nikalipindua. Kitakoni palikuwa na tundu moja dogo, halizidi mbegu ya papai, na pembeni yake udongo mwekundu umeganda. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini wakala moyo wote, wakaacha ganda la nje lenye oili, ambalo hata wao hawalitaki.

Nikalibeba hadi bandani. "Baba," nikasema kwa ile sauti yangu ya nyumbani, "hili ni jepesi."

Hakugeuka. "Limekauka, mama. Lina miaka tisa."

Kwenye jibu lile nilisikia ubatizo wote, wageni na vicheko vyao. Nikaliweka gogo chini, nikarudi nyuma hatua mbili. Yeye akasogea, akalichukua na kulisukuma chini ya kona ya nyuma, upande wa kushoto.

Jeki ikashuka taratibu. Gari likakaa. Nilishusha pumzi, nikajiambia pengine ni kweli limekauka, mzee ameifanya kazi hii tangu mimi sijaijua Igoma. Nikajaribu njia nyingine.

"Jeki tuiache hapo hapo nyuma, baba?"

"Jeki haikai na mzigo miezi mitano. Inakufa."

Akaivuta, akaifuta kwa tambara, akaifunga ndani ya gunia. Magurudumu yote yalikuwa yameshaegemezwa ukutani. Chini ya gari hakukuwa na kitu kingine cha kulipokea likishuka, ni magogo manne tu. Mzee akatandika gunia jingine, akalala chali na kopo lake la oili na brashi, akajiburuza akaingia kwa nyuma hadi yakabaki magoti na miguu yenye kandambili.

Nikasimama pale nikiitazama miguu ile. Upepo wa mvua ulianza kutingisha mabati. Nilisikia brashi ikipita kwenye chuma, inachovya, inapita tena. Macho yangu hayakutoka kwenye gogo la nyuma kushoto. Kwa muda halikufanya kitu. Halafu nikaona unga unamwagika kwenye ubavu wake, mwembamba, kama unaotoka kwenye chekeche. Ukakatika. Ukaanza tena, safari hii mwingi zaidi.

"Baba," nikasema.

Brashi iliendelea.

"Baba."

"Mm."

"Gogo la nyuma kushoto linatoa unga."

"Mama, niache nimalize. Mvua hiyo inaingia."

Na brashi ikaendelea. Naapa nilirudi nyuma hatua mbili. Mwili ulikuwa umezoea. Nilirudi nyuma huku nikijua, kama ninavyojua jedwali la saba, kwamba mtu huyu atakufa mbele yangu na nilishamwambia kwa adabu mara tatu.

Gogo likalia. Haikuwa sauti kubwa, ilikuwa kama mtu anayetafuna kisamvu chenye mchanga. Miaka sita niliyokuwa nimeimeza ikapanda yote kwa mara moja.

"Wewe! Toka chini ya gari!"

Nilisema wewe. Sikusema baba, sikusema naomba. Ni wewe ile ninayomtupia mtoto aliyepanda dirishani. Brashi ikasimama. Mzee hakutoka, na najua kwa nini hakutoka: alikuwa ameduwaa. Katika maisha yake yote hakuna mwanamke aliyewahi kumwambia hivyo. Nikachupa, nikamkamata vifundo vyote viwili vya miguu, nikavuta kwa nguvu niliyowahi kuitumia mara moja tu, nikimzaa binti yangu. Kandambili moja ikachomoka. Kiuno kikatoka, kifua kikatoka, mkono ukapiga bampa, kichwa kikapita. Alikuwa mwepesi kuliko lile gogo la kwanza. Nikaanguka chali, naye miguuni pangu.

Gogo halikuvunjika kama mti unavyovunjika. Lilikaa chini, likawa unga na ganda. Kona ile ikashuka, gogo la kulia likapinduka, na sehemu yote ya nyuma ya gari ikapiga ardhi hadi mabati yakapiga kelele. Kopo la oili lilikuwa sentimita chache kutoka pale kilipokuwa kichwa chake. Lilikuwa bapa kama kifuniko cha sufuria.

Tukakaa chini tunalitazama kopo lile. Nilikuwa bado nimeshika kifundo chake cha mguu. Nilipogundua, nikakiachia haraka. Mzee akanitazama, akatazama mguu wake, akanyanyuka polepole akiwa na kandambili moja, akaingia ndani. Mvua ikafika.

Sitadanganya kwamba nilimhurumia. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye na kiburi chake, na yule shangazi na masomo yake ya wiki ya harusi. Nilipomaliza hao wote nikajikuta nimebaki mwenyewe, na hasira ya kujikasirikia ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilijua tangu niliponyanyua gogo lile kwa mkono mmoja. Nilijua nikalibeba, nikamwekea mbele yake. Angekufa, kwenye msiba wangenisifu. Wangesema, jamani, mkwe mwenye adabu, hajawahi hata siku moja kumpandishia mzee sauti. Nikalia pale bandani, kamasi na oili vikachanganyika.

Baada ya muda mzee akarudi amebadili shati. Alipita kwenye mvua hadi kwenye jabali na kurudi amebeba jiwe bapa, akarudi tena akaleta la pili. Mwanza hukosi jiwe. Nikainuka, nikabeba na mimi. Tukanyanyua gari upya, tukapanga mawe chini ya kona zote nne, na safari hii jeki ikabaki pale pale hadi jiwe la mwisho. Hakuingia tena chini. Mpini wa jeki ulipita kwenye ndoo kama spana mwanzoni, hatua mbili nyuma, hatua mbili mbele. Jumapili akawaaga watoto, akaniambia "Haya, mama," akaenda zake kwenye kivuko.

Nikaanza kungoja kikao. Nilikuwa nimemgusa baba mkwe, nilikuwa nimemfokea, na nilikuwa nimemwita wewe. Kila jina la shangazi lilipotokea kwenye simu, nilitoka kwanza nje, mbali na watoto, ndipo nikapokea. Alikuwa akiniuliza bei ya mahindi sokoni Mkuyuni, au kama mtoto amepona kikohozi. Mume wangu naye alinipigia wiki ile ile. "Mzee anasema gari limelala salama. Ahsante, najua ulivumilia." Nikasema, "Eeh."

Mzee akarudi wiki moja kabla ya Pasaka na gunia la machungwa. "Shikamoo baba." "Marahaba mama." Akaliamsha gari lake, likawaka mara ya pili, akaendelea na dagaa zake. Miezi ikapita. Nikaanza kufikiri kwamba ameamua jambo lile halikutokea, na nikiri, hilo liliniuma kuliko ambavyo mbuzi angeniuma.

Vuli iliyofuata mume wangu alikuwapo. Nilikuwa jikoni nakuna nazi nikasikia sauti ya mzee kutoka bandani: "Mwite mama." Mume wangu akaja ameshangaa. Nikanawa mikono, nikatoka.

Magurudumu yalikuwa yameshalegezwa nati. Magogo manne yalikuwa yamepangwa, matatu ya zamani na moja jipya, lakini hakuna lililokuwa limesukumwa chini ya gari. Mzee akachukua gogo moja la zamani, akaliweka mbele yangu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Pima," akasema.

Nikalinyanyua, zito. Nikaligonga, nikalipindua, nikatikisa kichwa kukubali. Akaleta la pili. Hilo nalo lilikuwa zima. Akaleta la tatu. Lilinijia mkononi haraka kidogo kuliko nilivyotegemea. Nilipolipindua nikaliona tundu, na udongo mwekundu ukiwa bado mbichi.

"Hili halifai, baba," nikasema.

Mzee akainamisha sikio. "Sijasikia."

"Halifai, baba. Lina mchwa."

"Bado sijasikia, mama. Sema kwa sauti ile."

"Sauti gani?" mume wangu akauliza, akimtazama baba yake, kisha mimi. Nikavuta pumzi, nikasema, na kuku wote wakatoka bandani mbio.