Viti vya Basi Juu ya Mto Kizinga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kipande cha gogo. Kilikuwa kimechongwa upande mmoja kama kabari na kutobolewa tundu, na kwenye tundu imepitishwa kamba ya kukivalia begani. Mzee Kondo, dereva niliyewekwa chini yake, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akasema, "Gari likisimama mlimani, unaruka chini, unaweka hii nyuma ya gurudumu. Ukichelewa, wote tunarudi tulikotoka kinyumenyume. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi panda. Na usikae. Utingo hakai."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya magari ya abiria, enzi za Mwingereza, nikitokea Mwananyamala, ambako wakati huo minazi ilikuwa mingi kuliko nyumba. Nyie vijana mnaowasha gari kwa kugeuza ufunguo hamwezi kujua utingo alikuwa nani. Utingo ndiye aliyewasha gari. Ulichomeka hendeli, ile nondo iliyopindwa, mbele ya injini, ukaizungusha kwa nguvu, na kidole gumba ukikiweka upande mmoja na vidole vingine. Ukiikumbatia kwa kiganja kizima, injini ikipiga teke, mkono umevunjika. Utingo ndiye aliyejaza maji kwenye rejeta kila tulipopita kisima, aliyefunga mizigo juu ya paa na kuifunika turubai, aliyefunga minyororo kwenye magurudumu siku za tope. Basi lenyewe lilikuwa lori. Tajiri, mwenye gari, alinunua injini na chesisi tupu, mafundi seremala wa mtaa wa Gerezani wakalijengea bodi ya mbao, na ndani wakapanga viti virefu vya mbao, kila kimoja cha kukaa watu watano waliopatana.

Mzee Kondo alinifundisha kazi bila kunisifia hata mara moja. Aliniruhusu kushika usukani baada ya muda mrefu, kwanza kwenye uwanja mtupu, halafu barabarani gari likiwa halina mtu. Nilipokwenda kutahiniwa leseni, mkaguzi wa magari, Mwingereza mrefu mwenye kaptula iliyonyooshwa, aliniamuru nirudi nyuma kwenye mteremko katikati ya mapipa mawili. Nilirudi. Akasema, "Tena." Nikarudi. Akasema, "Tena." Mara ya tatu aliandika bila kuniangalia, nikajua nimepita. Mzee Kondo alikuwa akinisubiri nje. Aliniambia, "Sasa utaanza kujifunza," akaondoka zake.

Tajiri akanipa njia ya kusini, kutoka mjini kupitia Temeke na Mbagala hadi Mkuranga. Tajiri huyu alizaliwa hapa hapa Dar es Salaam, alizungumza Kiswahili kama sisi, na magari yake aliyapenda kama watu wapendavyo wajukuu. Asubuhi aliyonikabidhi gari alilizunguka lote akigonga mbao kwa kifundo cha kidole. "Hamisi," akaniambia, "gari hili ukilirudisha limepungua hata msumari, ofisini kwangu usipande ngazi. Mwachie mlinzi hendeli, uende nyumbani."

Nilimjibu kwamba nimeelewa. Sikujua kwamba maneno yale yatanisumbua.

Njia ya kusini ilikuwa na mito miwili ya kuiheshimu. Ukitoka mjini unavuka kwanza Kizinga, unaingia Mbagala, na ukiendelea mbele unakutana na Mzinga. Katikati ya mito hiyo, Mbagala ya wakati ule ilikuwa mikorosho, minazi, mashamba ya muhogo na nyumba za makuti zilizoachiana nafasi. Mwaka mmoja masika yalikuja kwa hasira. Mvua ilinyesha siku baada ya siku, lakini daraja la Kizinga lilikuwa bado linapitika, nikavuka asubuhi nikiwa na abiria kama ishirini. Tulipofika Mzinga hatukuona daraja. Tuliona maji mekundu yakibeba miti mizima na mizizi yake. Nikageuza gari kwa shida. Tuliporudi Kizinga, na huko katikati ya daraja palikuwa pamekatika. Nguzo zimesimama, mbao za juu zimekwenda. Tulikuwa tumefungiwa mbele na nyuma.

Abiria walishuka wakaangalia maji. Kulikuwa na Bi Tausi, muuza vitumbua wa Temeke, mwanamke mnene mwenye sauti, aliyekuwa akienda Mkuranga kumwoza mpwa wake. Kulikuwa na Mwalimu Yohana, Mpare kijana, amepangiwa shule huko kusini, na sanduku lake la bati alikuwa amelikalia njia nzima kwa kuogopa lisiibiwe. Bi Tausi ndiye aliyesema kwanza. "Dereva, hapa hatulali. Twende kwa wenye mji wao."

Tukaenda kwa Jumbe Kibwana, mkubwa wa kijiji cha Mbagala. Alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu nyeupe na maneno makali, na siku hiyo hakuwa na furaha na mtu yeyote. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yaliyotupata.

"Marahaba," akasema. "Na mie yaliyonipata nani anaelezwa? Shamba la muhogo liko chini ya maji. Nyumba tatu zimelala. Watu ishirini nitawaweka wapi, mfukoni?"

Alikuwa na haki. Mkewe mkubwa, Bi Mwanahawa, alitoka jikoni akifuta mikono kwa kanga. Hakututazama sisi, alimtazama mumewe.

"Umewauliza kama wamekula?"

"Sijawauliza."

"Basi waulize, halafu uendelee kugomba."

Jioni ile tuligawanywa kama sadaka. Akina mama walikwenda kwa Bi Mwanahawa na jirani zake, wanaume kwenye majumba mengine. Mwalimu Yohana aliangukia kwa mwalimu wa madrasa, mzee aliyeishi peke yake. Usiku Yohana alikataa kulala kitandani kwa kuona haya, mwenyeji naye akakataa, na asubuhi tukawakuta wote wawili wamelala chini kwenye mkeka, kitanda kitupu. Tulicheka sana, na nadhani ni kicheko hicho kilichovunja ugeni.

Maji hayakupungua upesi. Tulikula muhogo uliookolewa shambani kabla haujaoza, tukala mchicha, tukala madafu na nazi kwa kila namna inayojulikana. Bi Tausi alikuwa na kifuko cha unga wa mchele aliokusudia kwa arusi. Alikaa akikitazama kwa muda, kisha akakifungua. "Bibi arusi atanisamehe," akasema, na kijiji kizima kilikula vitumbua asubuhi ile. Baada ya hapo hakuna aliyekaa bure. Mie na wanaume wengine tulichimba mifereji kuyatoa maji nyuma ya nyumba. Tulikata miti, tukasimamisha upya zile nyumba tatu. Akina mama walisuka makuti. Mwalimu Yohana, aliyelelewa milimani, alikuwa hajui kusuka kuti, na wasichana walimfundisha kwa kumcheka mpaka akajua. Siku ya Jumapili alitaka kwenda mbali kuomba peke yake, mwenyeji wake akamwambia, "Omba hapa barazani. Nani atakayekuudhi?" Akaomba pale, watu wakapita wakinyamaza.

Jumbe aliendelea kunung'unika, lakini alinung'unika akiwa juu ya paa, nyundo mkononi. Na ndiko yalikotokea mabaya. Alikuwa akirekebisha banda la jiko ambamo baadhi ya abiria wanaume walilala. Boriti iliyolowa ikamkatikia, akaanguka. Tulisikia kelele moja tu. Tulipomfikia, paja lilikuwa limevunjika na mfupa umechungulia nje ya ngozi.

Mganga wa mifupa wa Mbagala aliitwa. Alikuwa amewaunga watu wengi kwa vibanzi vya miti na dawa zake. Alichuchumaa, akaangalia bila kugusa, kisha akainuka. "Ungekuwa ndani ningeuweza," akasema. "Huu si wangu. Mpelekeni hospitali, na msikawie."

Hospitali ilikuwa mjini, ng'ambo ya Kizinga.

Tukaenda mtoni kutazama. Maji yalikuwa yameshuka kidogo na nguzo zilionekana vizuri, ila pengo la katikati lilikuwa pana kuliko mtu awezavyo kuruka. Ng'ambo, watu wa kijiji cha Mtoni walikuwa wamesimama nao wakitazama. Tulikuwa na minazi miwili iliyoangushwa na mvua karibu na ukingo. Hiyo ingefika kutoka nguzo hadi nguzo. Lakini mnazi ni wa mviringo na ulikuwa umelowa. Huwezi kumpitisha mtu kitandani juu ya magogo mawili yanayoteleza. Zilihitajika mbao, na Mbagala nzima hapakuwa na mbao. Palikuwa na fito, boriti na makuti.

Mbao zilikuwa kwenye gari langu.

Nasema kweli, niliwaza sana. Nyumbani Mwananyamala nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na kazi ya udereva haikuokotwa barabarani. Nilikaa kwenye ngazi ya basi, nikiisikia sauti ya tajiri. Bi Mwanahawa alikuja akasimama mbele yangu. Nilidhani ataniomba. Hakuniomba. Alisema, "Hamisi mwanangu, umekula leo?"  Niliinuka, nikachukua spana, nikaanza kufungua kiti cha kwanza.

Mwalimu Yohana alipoona, alishika upande wa pili wa ubao. "Tajiri wako atasemaje?"

"Atanifukuza."

"Basi tutakwenda ofisini kwake sote," akasema Bi Tausi, "na atuone."

Tulivitoa viti vyote, kisha mbao za ubavuni. Nilifunga spana kwenye uzi wa katani nikairusha ng'ambo. Mara mbili ilizama, mara ya tatu mtu wa Mtoni akaidaka. Kwa uzi ule walivuta kamba nene ya mizigo, na kwa kamba ile wakavuta minazi huku sisi tukisukuma, mpaka magogo yakakaa juu ya nguzo. Hapo tukapanga viti vyangu kimoja baada ya kingine, tukavipigilia na kuvikaza kwa kamba. Nilipita mimi kwanza. Daraja lilicheza, lakini lilinibeba.

Jumbe alibebwa juu ya kitanda chake cha kamba, watu wanne, Mwalimu Yohana mbele na mie nyuma. Njia nzima alikuwa akitugombeza. "Wewe Mpare, unakimbilia wapi? Hamisi, inua upande wako! Mnataka niwe chakula cha mamba?" Tulipofika katikati akafumba macho, na midomo yake ikawa inatikisika kwa dua. Tulipokanyaga ardhi ya upande wa pili watu wa Mtoni walipiga kelele za furaha, wanawake wakapiga vigelegele, na yeye akafumbua macho akasema, "Mmetingisha mno."

Katika watu waliosimama pale alikuwamo tajiri. Alikuwa akija kila siku, nikaambiwa baadaye, kuulizia gari lake na watu wake. Aliangalia kitanda kikipita, akaangalia daraja. Alivitambua viti vyake.

"Hamisi. Hizo ni mbao zangu?"

"Ndiyo, tajiri."

Nikaichomoa kiunoni ile hendeli, nikamnyooshea mlinzi aliyefuatana naye aipokee. Tajiri aliisukuma pembeni kwa mkono wake. Alivua viatu, akavishika, akatembea juu ya viti vile polepole mpaka Mbagala, akaenda kuwaona abiria wake wote, mmoja mmoja. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na suruali imechafuka tope. Jumbe alikuwa bado hajaondoka, linasubiriwa lori la kumpeleka. Tajiri alimwinamia.

"Watu wangu wamekula kwako siku zote hizi?"

"Wamekula na wamefanya kazi," akajibu Jumbe kwa meno yaliyokazwa. "Mpumbavu mmoja tu ndiye aliyeanguka."

Tajiri akacheka. Kisha akampakia kwenye gari lake dogo mwenyewe, akampeleka hospitali. Mie aliniambia neno moja tu: "Barabara ikipona, gari lije Gerezani lipigwe viti vipya." Sikufukuzwa. Nilimwendeshea miaka mingi baada ya hapo, yeye na baadaye mwanawe.

Bi Tausi alifika Mkuranga arusi imekwisha, akaambiwa mpwa wake amegoma kuingia ndani mpaka shangazi aje. Kwa hiyo ilichezwa upya. Mwalimu Yohana alisomesha kusini mpaka akawa mkuu wa shule, na kila likizo alishuka Mbagala kulala kwa mwalimu wa madrasa. Jumbe Kibwana alipona, akawa anachechemea, na kila nilipopita na basi alisimama barabarani na fimbo yake, si kusafiri, bali kunikagua. "Umekonda," au, "Unakwenda mbio," kisha anaingiza dirishani kikapu cha maembe au muhogo.

Alipofariki tulikwenda wengi wa safari ile. Sijui habari zilitufikiaje, kila mmoja alikuwa kwake. Tulisimama nyuma, kando ya uzio, kama wageni wanavyosimama msibani. Bi Mwanahawa, amezeeka, amekaa katikati ya wafiwa, alituona. "Nyie mbona mmesimama huko?" akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Sogeeni. Hapa ndipo mnapokaa." Tukasogea, tukakaa na wafiwa.

Macho yalipoanza kunidanganya barabarani nilirudisha leseni kwa hiari yangu. Vijana wananiuliza kama sijutii maisha ya vumbi na tope, bila cheo. Sijutii. Nilijua njia moja, na watu wa njia ile walinijua.

Safari yangu ya mwisho nilipanda kama abiria, na mke wangu na vyombo vyetu juu ya paa. Watoto wa Jumbe walikuwa wamenikatia kiwanja karibu na nyumba ya baba yao. Basi liliposimama Mbagala, kondakta, kijana asiyenifahamu, alinisaidia kuteremsha kitanda, akatazama huku na huku.

"Mzee, hapa unashukia kwa nani?"

Bi Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni ameshika ufagio, akingoja.

"Nashukia kwetu," nikamwambia.